Maneno ya Kiingereza Yanayowatatiza Wanafunzi, na Namna ya Kuyafundisha

1. Utangulizi

Kila mwalimu aliyepata kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi amekwisha kuisikia sentensi hii: "Teacher, borrow me your pen." Mtoto aliyeitamka si mvivu wala hana utovu wa adabu. Ameomba kalamu kwa heshima, na ameiomba kwa kufuata mantiki ya lugha anayoijua. Hata hivyo, mara nyingi anachopata ni kicheko cha wenzake na pengine ukali wa mwalimu. Mtoto aliyechekwa mara mbili kwa sababu ya kusema Kiingereza, mara ya tatu hunyamaza. Kunyamaza huko ni hasara kubwa kuliko kosa lenyewe, maana hakuna aliyepata kujifunza kusema lugha kwa kukaa kimya.

Katika makala haya tunakusudia kuwaonyesha wanachuo mambo mawili. La kwanza ni kwamba maneno ya Kiingereza yanayochanganywa hayachanganywi kwa sababu moja. Yako makundi mbalimbali, na kila kundi lina dawa yake. La pili ni kwamba Kiswahili, ambacho aghalabu hulaumiwa kuwa ndicho chanzo cha makosa, mara nyingi ndicho msaada ulio karibu zaidi na mwalimu, mradi ajue pa kuutafuta.

Jambo hili si dogo. Hapa Tanzania, tangu mwaka 1967, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika sehemu kubwa ya shule za msingi za serikali, hali katika shule za sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa kijijini hukisikia Kiingereza katika kipindi cha Kiingereza tu, na hukisikia kinywani mwa mwalimu mmoja. Neno alilolishika vibaya kwa mwalimu huyo ataingia nalo katika historia, jiografia na sayansi, ambako hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumsahihisha.

2. Kosa na kuteleza

Kabla ya kusahihisha, hatuna budi kujua tunachosahihisha. Mwaka 1967 mtaalamu wa isimu S. P. Corder aliandika makala iliyowafaa sana walimu wa lugha. Alitenga makosa ya aina mbili. Kuna kuteleza, ambako mtu anaijua kanuni lakini ulimi au kalamu imempotea kwa haraka au kwa uchovu. Mtu wa namna hiyo akiulizwa hujisahihisha mwenyewe. Na kuna kosa hasa, ambalo hurudi kila mara kwa sura ileile kwa sababu mwanafunzi amejijengea kanuni yake mwenyewe. Kosa la namna hii ni habari njema kwa mwalimu makini, kwani linamwonyesha mwanafunzi anavyofikiri.

Basi mwanafunzi akisema "borrow me", mwalimu asiishie kusema "vibaya". Ajiulize: ni kanuni gani iliyomfikisha hapa?

3. Neno moja la Kiswahili, maneno mawili ya Kiingereza

Kundi la kwanza ni la maneno ambayo Kiingereza huyatenga na Kiswahili huyaweka pamoja. Tuanze na hilo la kuazima. Twasema, "Nimeazima kitabu kwa Asha", na pia twasema, "Nimemwazima Asha kitabu." Kitenzi ni kilekile, lakini hakuna Mswahili anayechanganyikiwa, kwa sababu kiambishi "-m-" cha mtendwa kinaonyesha kitabu kimeelekea kwa nani. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo hubadili kitenzi chenyewe: anayepokea "borrows from", anayetoa "lends to". Mtoto anayesema "borrow me" ametafsiri "niazime" kwa uaminifu kabisa.

Mambo ni yayo hayo katika kushinda. "Timu yetu imeshinda" ni "Our team has won." Lakini "Timu yetu imeishinda timu yao" si "has won their team", bali ni "has beaten their team." Katika Kiingereza mtu "wins" mchezo, zawadi au kikombe, na "beats" mpinzani. Mwanafunzi ajiulize: kilichoshindwa ni mtu au timu, au ni kitu kinachoshindaniwa? Jibu litamchagulia neno.

Kitenzi "kusikia" kina kazi nyingi zaidi. Twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi, na twasikia njaa. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo: sikio "hears", pua "smells", na mwili "feels". Ndiyo maana watoto huandika "I hear cold" na "I hear a bad smell." Kwa kundi hili mwalimu hahitaji kanuni ndefu. Na aguse sikio, pua, na ngozi ya mkono wake, kila kimoja na neno lake, na watoto wafanye vivyo hivyo mpaka wazoee.

Mengine twayataja kwa ufupi. Mkono ni "hand" kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole, na ni "arm" kutoka begani. Mguu ni "foot" sehemu ikanyagayo, na "leg" sehemu iliyobaki. Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". "Yeye" ni "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, na mtoto anayemwita mama yake "he" hajamvunjia heshima, bali hajazoea kuulizwa habari hiyo na lugha yake. Neno "-ingi" ni "many" kwa vitu vihesabikavyo kimojakimoja, na "much" kwa visivyohesabika hivyo, kama vile maji na mchanga.

4. Mahali ambapo Kiswahili hutangulia kutenga

Sasa tutazame upande wa pili, ambao walimu wengi huusahau. Yapo maneno ya Kiingereza ambayo hata watoto wa Waingereza huyachanganya, na ambayo mtoto wetu tayari anayo tofauti yake mdomoni. Tofauti hiyo imo katika kauli ya kutendesha.

Mtu akikumbuka mwenyewe, "remembers". Akimkumbusha mwenzake, "reminds". Kwa hiyo "Remember me to bring the book" si sahihi pale ambapo msemaji anataka kukumbushwa. Bei ikipanda yenyewe, "rises"; mwenye duka akiipandisha, "raises" bei hiyo. Mtoto akilala, "lies down"; mama akimlaza kitandani, "lays" mtoto. Hapa mwalimu atahadhari, kwa kuwa "lay" hutumika pia kama wakati uliopita wa "lie". Katika shule ya msingi yatosha kufundisha wakati uliopo kwanza, na kuuacha uliopita mpaka wa kwanza uwe umekaa imara.

Na tukirudi kwenye "borrow" na "lend", tutaona kwamba "azima" haikutupa msaada, lakini "kopa" na "kopesha" zinatupa. Anayekopa "borrows", anayekopesha "lends". Ingawa kukopa ni kwa fedha na bidhaa zaidi kuliko kalamu, hakuna mtoto asiyejua tofauti ya mwenye kudai na mwenye kudaiwa. Sentensi mbili hizi ziandikwe ubaoni: "Juma borrowed 500 shillings from Hamisi" na "Juma lent 500 shillings to Hamisi." Kisha mwalimu aulize: ni nani atakayelipa? Hapo darasa litaona kwamba neno moja likibadilishwa, deni limehama.

Vilevile tunayo "sema" na "ambia". Hatusemi "alisemia mimi" wala "aliambia" pasipo kumtaja aliyeambiwa. Kiingereza kina desturi iliyo karibu na hiyo: "say" hufuatwa na yaliyosemwa, na "tell" aghalabu hufuatwa na mtu aliyeambiwa. Basi "He said me" ni kosa ambalo Kiswahili kingelizuia, laiti mwalimu angelikikumbuka. Hali kadhalika "leta" ni "bring", kuelekea kwa msemaji, na "peleka" ni "take", kumwacha msemaji. Mwanafunzi anayesema "Take me the chalk" akumbushwe tu kwamba hangesema "nipelekee chaki" wakati chaki inatakiwa hapo aliposimama yeye.

5. Maneno yanayofanana kwa sauti

Kundi la tatu halitokani na maana bali na sikio. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza, ijapokuwa nacho huandika kwa herufi tano za irabu, huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20. Matokeo yake ni kwamba sauti kadhaa za Kiingereza huingia katika chumba kimoja cha Kiswahili. Maneno "hat", "hut", "heart" na "hurt" hugeuka kuwa neno moja vinywani mwa wengi wetu. "Live" na "leave" hufanana, na "ship" na "sheep" pia. Ndipo mwanafunzi anapoandika "We live school at four o'clock", na msomaji akadhani ya kwamba mtoto huyo analala shuleni.

Dawa ya kundi hili ni kusikia kabla ya kusema. Mwalimu aandike ubaoni namba 1 "live" na namba 2 "leave". Kisha ajikinge mdomo kwa daftari, alitamke mojawapo, na wanafunzi wainue kidole kimoja au viwili. Zoezi hili halitaki zana wala fedha, huchukua dakika tano, na darasa zima hufanya kazi kwa pamoja bila mtu mmoja kuaibishwa. Wakishazitambua sauti, ndipo waanze kuzitamka. Mwanachuo ambaye mwenyewe hazitofautishi sauti hizi asione haya. Azifanyie mazoezi na mwenzake kabla ya kwenda darasani.

Yako pia makabila ambayo lugha zao hazitengi "l" na "r", na watoto wao huchanganya "rice" na "lice". Msiruhusu kicheko. Waonyesheni kwanza tofauti hiyo katika Kiswahili wanachokitumia kila siku: "kula" na "kura", "mahali" na "mahari". Mtoto aliyeiweza hapo ataiweza na kule.

6. Maneno yanayofanana kwa maandishi

Sisi tuna bahati: Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikisanifu ikiwa na hati nyepesi ya kufuata sauti. Kiingereza kina historia nyingine. William Caxton alianzisha mtambo wa kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, na kamusi mashuhuri ya Samuel Johnson ilitolewa mwaka 1755. Tahajia ilizidi kuganda vitabuni huku matamshi yakiendelea kubadilika. Herufi "k" katika "know" na "knee" ilikuwa ikitamkwa hapo kale. Leo imebaki kama kaburi la sauti iliyokufa. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "no" badala ya "know" ameandika alichokisikia, kama alivyofundishwa kufanya katika Kiswahili.

Maneno ya kundi hili hayana kanuni moja, bali kila jozi huhitaji alama yake ya kukumbukia. "There" ni mahali, nayo ina "here", ambayo pia ni mahali, ndani yake. "Their" ni ya umilikaji. "Hear" ina "ear", yaani sikio, ndani yake, "here" haina. "It's" yenye ritifaa ni "it is" iliyofupishwa. "Its" isiyo na ritifaa ni umilikaji. Mwenye shaka asome sentensi yake kwa kutia "it is". Ikikubali, ritifaa iwekwe, isipokubali, iondolewe. Yafaa wanafunzi wajue pia kwamba katika karne ya 17 Waingereza wenyewe walikuwa wakiitia ritifaa hata hiyo ya umilikaji. Kujua hivyo humwondolea mtoto dhana kwamba yeye ndiye mjinga pekee.

Wanachuo nao wajichunguze. Tumepata kuona katika kuta za madarasa onyo lililoandikwa kwa herufi kubwa "KEEP QUITE", na maandishi hayo yalikuwa ya mwalimu. "Quiet" ni kimya, na hutamkwa kwa silabi mbili; "quite" ni "kabisa" au "kiasi", na ina silabi moja. Tumepokea pia barua za kuomba ruhusa zilizoanza na "The Principle". Mkuu wa chuo ni "Principal". "Principle" ni kanuni au msingi wa jambo. Barua ya namna hiyo humfikia mkuu, lakini humfikisha mwandishi wake vibaya. "Lose" ni kupoteza, na "loose" ni kulegea. "Advise" yenye "s" ni kushauri, na "advice" yenye "c" ni ushauri. Na kama vile "ushauri" haubadiliki tunapopewa mwingi, "advice" nayo haipokei "s" ya wingi.

7. Maneno yanayobeba desturi

Kuna kundi dogo ambalo si kosa la sarufi wala la tahajia. Mtu akijikwaa twamwambia "pole", na kwa Kiingereza twamwambia "sorry". Mgeni kutoka Uingereza huweza kushangaa kwa nini aliye mbali naye anamwomba radhi, kwani kwake "sorry" mara nyingi ni neno la kukiri kosa, ijapokuwa ni la kusikitika pia. Vivyo hivyo, kumsindikiza mgeni hadi njiani twakuita "to escort", neno ambalo kwa Waingereza wengi huleta picha ya ulinzi. Kiingereza cha Afrika Mashariki kimejipatia njia zake, na hatuoni haja ya kuwakemea watoto kwa kuwa na huruma. Yatosha kuwafahamisha kwamba neno hilo likivuka mipaka huenda likaeleweka vingine.

8. Mfano wa masomo: "borrow" na "lend"

Hapa twapenda kuungama kosa letu. Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulipiga mstari katikati ya ubao, tukaandika "borrow" upande mmoja na "lend" upande wa pili, tukaeleza tofauti kwa Kiswahili fasaha, na tukaridhika. Juma lililofuata, hata wale waliokuwa wakiitumia "borrow" sawasawa hapo kwanza walisitasita. Tulikuwa tumeyafunga maneno mawili pamoja katika akili zao, hata moja haliji bila la pili kulivuta nguo. Tangu hapo tunafuata utaratibu huu.

Hatua ya kwanza. Kipindi kizima ni cha "borrow" peke yake. Mwalimu amwendee mwanafunzi na kusema, "May I borrow your ruler, Asha?" Akishaipokea, aliambie darasa, "I have borrowed a ruler from Asha." Wanafunzi wafanye hivyo wawiliwawili, kwa kalamu, vitabu na vifutio. Neno "from" lisiachwe hata mara moja.

Hatua ya pili. Kwa siku kadhaa "borrow" itumike katika mambo halisi ya darasani. "Lend" isitajwe bado.

Hatua ya tatu. "Borrow" ikishakuwa mazoea, iletwe "lend" katika kipindi chake yenyewe: "Please lend me your ruler", kisha "Asha has lent her ruler to me." Mwalimu asimame upande wa anayetoa.

Hatua ya nne. Ndipo maneno mawili yakutanishwe, kwa mchezo wa duka. Mmoja awe mkopaji, mwingine mkopeshaji, wa tatu aandike katika daftari nani amekopa na nani amekopesha. Mwisho mwalimu aulize kila mara, "Who must pay?"

Utaratibu huu wafaa kwa jozi nyingi tulizozitaja: neno moja kwanza, lizoeleke, ndipo la pili, na kukutanisha kuwe mwisho.

9. Mambo ya kuepuka

Kwanza, usiandike sentensi mbovu ubaoni ili uisahihishe mbele ya darasa. Macho ya mtoto hunakili yote, na hayajui kuchagua. Pili, usisahihishe kila kosa kwa wakati mmoja. Chagua kosa la somo la siku hiyo, na mengine yaandike katika daftari lako kwa siku nyingine. Tatu, mtoto anaposema jambo lenye maana kwa maneno mabovu, lijibu jambo lake kwanza. Akisema "Borrow me your pen", mpe kalamu na useme, "Yes, I will lend you my pen." Amepata kalamu, na amesikia sentensi sahihi bila kuaibika. Nne, usitegemee kamusi ya Kiingereza na Kiswahili peke yake, kwani hukupa neno bila matumizi yake. Kamusi ya wanafunzi, kama ile ya A. S. Hornby ambayo Oxford iliitoa mwaka 1948 na ambayo imerudiwa mara nyingi tangu hapo, hukupa sentensi za mfano.

10. Mazoezi kwa wanachuo

(a) Kusanya makosa kumi kutoka madaftari ya wanafunzi wa shule ya mazoezi, na uliweke kila moja katika kundi lake kati ya tuliyoyaeleza.

(b) Tafuta jozi tatu nyingine za vitenzi vya Kiswahili, kimoja cha kutenda na kimoja cha kutendesha, ambazo zinaweza kusaidia kufundisha jozi za Kiingereza.

(c) Andaa somo moja la "win", na jingine la "beat". Eleza ni baada ya muda gani utayakutanisha maneno hayo, na kwa nini.

(d) Mpe mwenzako asome barua uliyoiandika kwa Kiingereza, akitafuta maneno ya sehemu ya 6 peke yake.

11. Hitimisho

Maneno yanayochanganywa hayatakwisha, na hakuna mwalimu asiyepata kuyachanganya. Lakini mwalimu akijua kosa limetoka wapi, iwe ni maana, sauti, maandishi au desturi, atajua pia aanzie wapi kulitengeneza, na mara nyingi ataona kwamba mtoto amekuja darasani na nusu ya jibu katika lugha yake mwenyewe. Kazi yetu ni kumwonyesha nusu hiyo, ili safari ijayo atakapohitaji kalamu, ainue mkono na kuiomba bila hofu.